Saratani ya Taya kwa Watoto wa Ziwa Letu: Yale Ambayo Seli Imetufundisha

(Hotuba ya Kamati ya Afya ya Hekalu, iliyosomwa ukumbini Buhongwa, jioni ya sherehe za kumbukumbu)



Katika sherehe ya namna hii ni desturi kusimulia yaliyojengwa na kuonekana: nguzo, paa, ukumbi na jiko. Sisi tumeombwa na Halmashauri kusema juu ya kitu kisichoonekana kwa macho, nacho ni seli, na namna uchunguzi wa seli ulivyowawezesha wataalamu kuielewa saratani na kuitibu. Mada hii ni pana mno kwa jioni moja. Kwa hiyo tumechagua saratani moja tu, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba dunia iliifahamu saratani hii kwa kupitia watoto wa ukanda huu wa ziwa letu. Ya pili ni kwamba wengi mliomo humu mmekwisha kuiona, ingawa pengine hamkulijua jina lake.

Yuko mtoto ambaye wengi wetu tunamkumbuka. Hatutamtaja jina, kwa heshima ya wazazi wake, ambao wameturuhusu kusema. Alikuwa mvulana wa miaka sita, mwana wa mwuza dagaa. Jino lake la chini lilianza kulegea, jambo ambalo si ajabu kwa mtoto wa umri ule. Kisha taya likavimba. Aling'olewa jino, uvimbe ukazidi. Akapewa dawa za kukausha usaha, uvimbe ukazidi. Mmoja akasema ni jipu la ndani, mwingine akasema mtoto ametupiwa kitu. Wiki ya tano jicho la upande ule lilikuwa limeanza kusukumwa nje. Ndipo alipofikishwa hospitali kubwa, kikakatwa kipande kidogo cha uvimbe, kikapimwa, akaanzishiwa dawa za saratani.

Yaliyofuata yalionekana kama muujiza. Siku ya tatu jicho lilirudi mahali pake. Siku ya tano taya lilikuwa limeywea, na mtoto aliomba ugali. Wazazi waliambiwa wamrudishe baada ya wiki mbili kwa dozi ya pili. Hawakumrudisha. Nauli ilikuwa imekwisha, kulikuwa na watoto wengine watatu nyumbani, tena mtoto mwenyewe alikuwa akicheza mpira uwanjani. Nani angekopa fedha ili kumpeleka hospitali mtoto anayecheza mpira? Aliporudi hospitali, baada ya wiki saba, ugonjwa ulikuwa umekwisha kuingia katika uti wa mgongo. Majirani wengi mliopo hapa mlikuwapo mazishini.

Nasi tuna la kukiri. Baadhi yetu katika Kamati hii tumefanya kazi ya maabara kwa miaka mingi. Tulimwona mtoto yule akicheza, tukamshukuru Mungu, tukapita. Hatukuuliza tarehe ya kurudi ilikuwa lini. Tangu siku ile swali limetukaa moyoni: uvimbe uliokwisha kuyeyuka ulitoka wapi tena? Jibu lake limo ndani ya seli. Twaomba mfuatane nasi taratibu hadi tulifikie.

Mwili wa mtu mzima umejengwa kwa seli zaidi ya trilioni 30. Ndani ya karibu kila aina ya seli mna kiini, na ndani ya kiini mna kromosomu 46, ambazo twaweza kuzifananisha na vitabu 46 vya maagizo. Agizo moja moja ndani ya vitabu hivyo huitwa jeni. Seli inapotaka kugawanyika, hunakili vitabu vyote, herufi kwa herufi, kisha hugawa nakala sawasawa kwa seli mbili mpya. Yapo maagizo yasemayo "gawanyika", na yapo yasemayo "basi, acha". Yapo hata yanayoiamuru seli iliyoharibika ife yenyewe kwa faida ya mwili mzima. Saratani ni hali ya seli moja ambayo maagizo yake yameharibika kiasi kwamba yenyewe na kizazi chake chote hugawanyika bila kusikia neno "acha".

Hayo ndiyo maelezo ya leo. Miaka sabini iliyopita hayakujulikana kwa ukamilifu huu, na sehemu kubwa ya safari ya kuyajua ilianzia ng'ambo ya ziwa hili.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell amtazame mtoto wa miaka mitano. Mataya ya mtoto yalikuwa yamevimba pande zote, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuweza kuueleza ugonjwa ule: jipu halitokei mahali panne kwa pamoja. Muda mfupi baadaye alikuwa Jinja, pale Mto Nili unapotoka ziwani. Alipochungulia dirishani, alimwona mtoto mwingine ameketi nje na mama yake, na uso wake ulikuwa umevimba vilevile. Alipompima akakuta na tumboni mna uvimbe. Mtoto mmoja angekuwa kisa cha ajabu. Watoto wawili walimfanya afungue kumbukumbu za hospitali na kuanza kuhesabu. Mwaka 1958 alichapisha maelezo ya saratani ile, ambayo sasa inaitwa limfoma ya Burkitt.

Kisha akataka kujua inapatikana wapi. Kwa msaada wa paundi 25 tu alichapisha barua na picha, akazipeleka kwenye hospitali nyingi za Afrika akiuliza: je, mmeona watoto wa namna hii? Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliingia katika gari kuukuu wakasafiri kwa majuma kumi, yapata kilomita 16,000, kupitia Tanganyika hadi kusini mwa bara, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Ramani iliyotokea iliwashangaza. Ugonjwa ulikuwapo katika nchi zenye joto na mvua, na ulikosekana katika nyanda za juu zenye baridi. Ulikaa pale pale ambapo malaria hukaa. Mwambao wa ziwa letu, ulio kama meta 1,134 juu ya usawa wa bahari, ulikuwa ndani ya ukanda huo, nao umo hata leo.

Saratani inayofuata ramani ya mbu ilikuwa jambo jipya. Iliashiria kwamba huenda kuna kitu cha kuambukiza nyuma yake. Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara mjini London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo mtafiti wa virusi aitwaye Anthony Epstein. Waliafikiana kwamba vipande vya uvimbe vya wagonjwa wa Uganda vitasafirishwa kwa ndege hadi maabara yake. Kwa zaidi ya miaka miwili Epstein alitafuta kirusi bila kukipata. Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande kimoja ilishindwa kutua London kwa ajili ya ukungu, ikaelekezwa Manchester. Kipande kilipofika, maji yake yalikuwa yamechafuka, na mtu mwingine angeyamwaga akidhani yameoza. Epstein aliweka tone chini ya darubini. Alichokiona si vijidudu vya uozo, bali seli za saratani zilizotengana na kipande, zikielea zikiwa hai.

Kutokana na zile seli zilizoelea, yeye na Yvonne Barr waliweza kuzikuza nyingine katika chupa, kizazi baada ya kizazi. Walipozitazama kwa darubini ya elektroni pamoja na Bert Achong, walikiona kirusi ndani yake. Habari ilichapishwa Machi 1964. Kirusi hicho chaitwa Epstein-Barr, na ndicho kirusi cha kwanza kujulikana kuwa chahusika na saratani ya binadamu. Twaomba tukumbuke kwamba seli zile zilitoka katika mwili wa mtoto mgonjwa wa Afrika Mashariki. Wanafunzi wa utabibu duniani kote husoma juu ya kirusi kile, na jina la mtoto hawalijui.

Hapo msikilizaji makini atauliza: ikiwa kirusi ndicho chanzo, mbona sisi sote si wagonjwa? Ni swali zuri, kwa maana zaidi ya watu 9 kati ya 10 duniani wanacho kirusi hicho. Hupitia mate, na katika nchi zetu watoto wengi hukipata wakiwa wachanga, bila hata kuumwa. Kirusi peke yake, basi, hakitoshi, na ilibidi watafiti waingie ndani zaidi, hadi katika kiini cha seli.

Mwaka 1972, huko Uswidi, George Manolov na Yanka Manolova walizichunguza kromosomu za seli hizi, wakakuta kwamba kromosomu namba 14 ilikuwa na kipande cha ziada mwishoni. Mwaka 1976 Lore Zech na wenzake wakaonyesha kipande kile kimetoka wapi: kimekatika kutoka kromosomu namba 8. Mwaka 1982 watafiti wa Marekani wakabainisha kwamba katika kipande hicho mna jeni iitwayo MYC, ambayo ni mojawapo ya yale maagizo ya "gawanyika".

Turudi kwenye mfano wetu wa vitabu. Seli inayougua ugonjwa huu ni ya kundi la chembe nyeupe za damu ziitwazo seli B, ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili. Katika kitabu cha 14 mna ukurasa wa kutengeneza kingamwili, na seli B huusoma ukurasa huo mchana na usiku, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Katika kitabu cha 8 mna ukurasa wa MYC, ambao husomwa kwa kiasi, pale tu seli mpya zinapohitajika. Sasa ukurasa wa MYC umechanika ukabandikwa katika kitabu cha 14, jirani na ukurasa usiofungwa kamwe. Tangu saa ile agizo la "gawanyika" nalo husomwa mchana na usiku. Ndiyo sababu limfoma ya Burkitt ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote zijulikanazo kwa binadamu: idadi ya seli zake yaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Twaomba hesabu hiyo mwihifadhi, kwani tutairudia.

Nayo malaria yaingia wapi? Ili kupata kingamwili bora, seli B hutumia kimeng'enya kiitwacho AID, ambacho hukata na kubadilisha uzi wa DNA katika ukurasa ule wa kingamwili. Ni kisu chenye manufaa, lakini ni kisu. Mtoto anayeugua malaria mara kwa mara seli zake B huchochewa mfululizo, na kisu hufanya kazi kupita kiasi; mara chache mno hukata pasipostahili. Majaribio ya maabara yaliyochapishwa mwaka 2014 na 2015 yalionyesha kwamba vimelea vya malaria huongeza kazi ya kimeng'enya hicho. Kirusi cha Epstein-Barr, kwa upande wake, huisaidia seli iliyoharibika isife kama ilivyopaswa. Kwa hiyo ni mambo mawili yakutanayo ndani ya seli moja, na bahati mbaya ya tatu juu yake.

Jirani zetu wa Mara walitoa mchango mkubwa katika kulijua hili. Kuanzia 1977 hadi 1982, katika wilaya ya Mara Kaskazini, watoto walio chini ya miaka 10 waligawiwa klorokwini kwa utaratibu, ili ionekane kama kupunguza malaria kutapunguza saratani hii. Ugonjwa ulipungua, lakini ilidhihirika kuwa ulikuwa umekwisha kuanza kupungua kabla ya dawa kugawiwa, hivyo waandishi wa utafiti hawakukata shauri. Twawasifu kwa unyofu huo. Baadaye, kati ya 2010 na 2016, utafiti mkubwa uitwao EMBLEM uliwakusanya watoto wa Uganda, Kenya na Tanzania, wakiwamo wa mikoa ya Mwanza na Mara, kupitia Bugando na Shirati. Miongoni mwa yaliyopatikana ni kwamba watoto waliorithi jeni moja ya selimundu, ambao twajua hukingwa kiasi dhidi ya malaria kali, huugua limfoma ya Burkitt kwa uchache kuliko wenzao. Ushahidi huo waelekeza kidole kwa malaria kwa nguvu zaidi. Chandarua si chanjo ya saratani. Hata hivyo, mama anayemlaza mwanawe ndani ya chandarua huenda anamkinga na zaidi ya homa.

Ndugu zetu, hapa twataka kusimama kidogo. Wapo kati yetu Wahindu wanaponong'ona, mtoto akipata ugonjwa huu, kwamba ni malipo ya matendo ya maisha yaliyopita. Wapo majirani zetu wanaosema ni mkono wa mtu, na wakaanza kumtafuta bibi fulani mwenye macho mekundu. Sisi si waalimu wa dini, na mambo ya dini tunamwachia Pandit-ji. Lakini juu ya kilichotokea ndani ya seli twaweza kusema kwa hakika: mara nyingi kipande cha kromosomu ya 8 kilikatika kikaungana na ya 14. Mtoto hakukosa, mama hakukosa, jirani hakuroga. Mama anayeamini kwamba ni kosa lake huficha ugonjwa, na mama anayeamini kwamba amerogwa huenda kwa mganga kwanza. Kwa ugonjwa unaojizidisha kila siku moja au mbili, kila wiki inayopotea ina gharama.

Sasa tuje kwenye tiba. Seli inayogawanyika haraka ina udhaifu mmoja: kila inapogawanyika ni lazima inakili vitabu vyote na kuvigawa. Dawa za saratani huishambulia hapo hapo. Saiklofosfamaidi hufunga nyuzi mbili za DNA zisiweze kuachana, na kitabu kisichofunguka hakinakiliki. Methotreksati huinyima seli malighafi ya kutengenezea DNA mpya. Vinkristini huvunja zile kamba nyembamba zinazovuta kromosomu kwenda pande mbili, seli ikakwama katikati ya kugawanyika ikafa. Ugonjwa unaokimbia sana ndio unaojikwaa sana mbele ya dawa hizi. Katika miaka ya 1960 madaktari wa Kampala na Nairobi waliona uvimbe mkubwa ukiyeyuka kwa siku chache, na baadhi ya watoto wakapona kabisa. Mwaka 1967 kituo cha tiba ya limfoma kilifunguliwa Mulago chini ya John Ziegler, na baadaye Charles Olweny, daktari wa Uganda, alikiongoza. Kituo hicho ndicho chimbuko la Taasisi ya Saratani ya Uganda ya leo. Limfoma ya Burkitt ikawa miongoni mwa saratani za kwanza duniani kuponywa kwa dawa peke yake, bila kisu na bila mionzi. Katika miaka ya karibuni imeongezwa rituksimabu, kingamwili ya maabara inayotambua alama iliyo juu ya seli B, nayo imeongeza idadi ya watoto wanaopona pale inapopatikana.

Akina mama watafurahi kusikia kwamba vinkristini hutoka katika ua wanalolifahamu. Ni lile ua dogo la rangi ya waridi au nyeupe ambalo bibi zetu wa Kigujarati huliita barmasi, kwa kuwa huchanua miezi yote kumi na miwili. Asili yake ni Madagaska. Hata hivyo twatoa onyo kali: majani na maua ya mmea huo yana sumu. Dawa hutolewa kwa kiasi kidogo mno kutoka katika majani mengi mno, ikasafishwa na kupimwa. Asije mtu akayachemsha akamnywesha mtoto.

Na sasa twaweza kujibu swali letu la kwanza. Uvimbe wa ukubwa wa kidole gumba waweza kuwa na seli bilioni 1. Tuseme dozi ya kwanza imeua seli 99 katika kila 100. Huo ni ushindi mkubwa, na kwa macho uvimbe umetoweka. Lakini zimebaki seli milioni 10, ambazo hakuna jicho liwezalo kuziona wala kidole kiwezacho kuzigusa. Milioni 10 zikiongezeka maradufu mara saba zinapita bilioni 1 tena. Mara saba, kwa siku moja au mbili kila mara, ni kati ya wiki moja na mbili. Ndiyo maana ya ile tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya mtoto. Daktari hakuipanga kwa desturi ya ofisi, bali kwa kasi ya seli: dozi ya pili huzikuta seli zikiwa chache, ya tatu huzikuta chache zaidi, na dawa nyingine huingizwa katika maji ya uti wa mgongo kwa sababu seli hupenda kujificha huko. Mtoto yule alipokuwa akicheza mpira, ndani yake hesabu hiyo ilikuwa ikiendelea. Laiti sisi tulioijua hesabu tungewaambia wazazi wake mapema!

Waheshimiwa, katika nchi tajiri karibu watoto 9 kati ya 10 wenye limfoma ya Burkitt hupona. Katika nchi zetu, ambako ugonjwa ni mwingi zaidi, wanaopona mara nyingi ni nusu au pungufu. Sababu ni nyingi: kuchelewa, lishe duni, dawa kukosekana, uhaba wa damu salama na wa vifaa vya kupimia. Lakini mojawapo ya sababu kubwa ni tiba kukatishwa njiani, na hiyo haihitaji mtafiti wa London wala wa Marekani. Yahitaji nauli, chakula, na mtu wa kuuliza. Ujuzi ulioponya watoto wa ng'ambo ulianzia kwa watoto wa ziwa hili, na hatutaki kuukubali mwisho ambapo watoto wa ziwa hili ndio wanaokosa matunda yake.

Kwa hiyo Kamati inaweka mbele yenu maombi matatu.

La kwanza ni macho. Mtoto, hasa wa miaka minne hadi tisa, akivimba taya kwa haraka, meno yakilegea kabla ya wakati au mengi kwa pamoja, jicho likisukumwa nje, tumbo likijaa, au miguu ikiishiwa nguvu ghafla, msihesabu wiki. Mpelekeni hospitali, na uvimbe usipopungua kwa dawa za usaha ndani ya siku chache, ombeni kwa adabu lakini kwa uthabiti apelekwe Bugando, ambako kuna idara ya saratani. Kutoka Buhongwa ni safari ya daladala tu. Wapo wanaotoka visiwani kwa mitumbwi.

La pili ni mfuko wa nauli na chakula. Hekalu letu lina jiko, na seva ya kulisha wageni tumerithi kwa wazazi wetu. Twaomba jiko hilo liwafikie pia wazazi wanaokaa wodini na watoto wao kwa majuma, wawe wa dini yoyote. Na twaomba kila familia ichangie kidogo kwa mwezi, ili tarehe ya kurudi isiponywe na mtoto yeyote wa kata hii kwa kukosa nauli. Sanduku la bati limewekwa mlangoni, pale tunapovulia viatu, na hesabu zake zitabandikwa ukutani kila mwezi, majirani wakishirikishwa kuzikagua.

La tatu ni dogo kuliko yote, nalo halina gharama. Ukimwona mtoto aliyetoka kutibiwa saratani, mnenepo na mchangamfu, furahi pamoja na wazazi wake. Kisha uliza: tarehe ya kurudi ni lini, na nani atamsindikiza? Sisi hatukuuliza. Twawaomba ninyi muulize.

 Mwenyezi Mungu awalinde watoto wetu na wenu.